Robert Williams, Mskoti aliyeifungulia Lubumbashi njia ya bahari mbili

LUBUMBASHI – Kila asubuhi mabasi yanajaa abiria wanaokwenda Kasumbalesa, Likasi na Kolwezi. Wafanyabiashara wanapanda na mizigo yao, wanafunzi na mabegi yao, akina mama na watoto mgongoni. Kwenye barabara hizo hizo malori ya shaba yanapanga foleni kuelekea mpakani. Wakati huo huo, serikali za Kongo, Angola na Zambia zinazungumza juu ya reli ya Lobito kana kwamba ni jambo jipya. Wazo hilo limepita miaka 120. Mtu aliyelibeba karibu maisha yake yote anaitwa Robert Williams, na wengi wa wakaaji wa mji huu hawajawahi kulisikia jina lake.

Williams alikufa mwaka wa 1938. Hakuwa mfalme wala gavana. Alikuwa mhandisi na mfanyabiashara aliyeelewa jambo moja kabla ya wenzake: shaba ya Katanga, hata ikiwa nyingi namna gani, ni mawe tu kama haina njia ya kufika baharini.

Kijana wa Aberdeen

Robert Williams alizaliwa tarehe 21 Januari 1860 katika mji wa Aberdeen, Scotland. Alijifunza kazi ya uhandisi, kisha mwaka wa 1881 akasafiri hadi Afrika ya Kusini, kwenye machimbo ya almasi ya Kimberley. Huko ndiko alikokutana na Cecil Rhodes, Mwingereza tajiri aliyekuwa na ndoto ya kujenga reli kutoka Cape Town hadi Cairo.

Urafiki huo ulimfungulia milango. Mwezi wa Januari 1899, Williams aliunda kampuni ya Tanganyika Concessions, iliyojulikana kwa jina fupi la Tanks. Kampuni hiyo ilipata ruhusa ya kutafuta madini katika Rhodesia ya Kaskazini, yaani Zambia ya leo. Mwaka huo huo Williams akatuma msafara chini ya George Grey, ndugu wa mwanasiasa Edward Grey ambaye baadaye akawa waziri wa mambo ya nje wa Uingereza. Grey na watu wake walifika Kansanshi, karibu kabisa na mpaka wa Kongo, na kukuta shaba.

Shaba haikuvumbuliwa na Wazungu

Hapa lazima kusema wazi: Grey hakuvumbua kitu. Alionyeshwa mashimo ambayo Waafrika walikuwa wakichimba tangu zamani. Huku Katanga, Basanga na Bayeke waliyeyusha mawe ya kijani katika tanuru za udongo na kutengeneza misalaba midogo ya shaba, iliyotumiwa kama mali na kama feza mbali sana na hapa. Mfalme Msiri wa Bunkeya alijenga nguvu yake juu ya biashara hiyo, hadi alipouawa tarehe 20 Desemba 1891 na watu wa msafara uliotumwa na Leopold II, mfalme wa Ubelgiji.

Mwaka uliofuata, mtaalamu wa mawe Jules Cornet alipita Katanga na kuona utajiri huo. Lakini Wabeleji walijiuliza: tutautoa vipi? Hakukuwa na reli. Mbung'o waliua ng'ombe wa kuvuta magari. Kila mzigo ulipanda kichwani mwa mpagazi, na hakuna shaba inayoweza kulipa gharama ya safari kama hiyo hadi pwani.

Williams alikuwa na jibu. Reli ya kutoka Cape ilikuwa imeshafika Bulawayo mwaka wa 1897 na ilikuwa ikiendelea kupanda kaskazini. Alikwenda Brussels, akazungumza na Leopold II, na mwezi wa Desemba 1900 akapata mapatano na Comité Spécial du Katanga, chombo kilichosimamia jimbo kwa niaba ya mfalme. Kampuni yake ingetafuta madini kusini mwa Katanga, na faida ingegawanywa pande mbili. Mara moja Grey akavuka mpaka. Kambove na machimbo mengine ya zamani yakaandikwa kwenye karatasi za kampuni, bila wenyeji walioyachimba kuulizwa.

Tarehe 28 Oktoba 1906, Union Minière du Haut-Katanga ikazaliwa. Nyuma yake walikuwa Comité Spécial, Société Générale de Belgique na Tanganyika Concessions ya Williams. Ndiyo kampuni ambayo serikali ya Kongo ilichukua mali yake miaka 60 baadaye, na ambayo mrithi wake tunamwita leo Gécamines.

Gari la moshi laingia mjini

Kampuni bila reli ilikuwa karatasi tupu. Daraja la Victoria Falls lilifunguliwa mwaka wa 1905. Mwaka wa 1906 reli ikafika Broken Hill, mji unaoitwa leo Kabwe. Hapo ikasimama, maana feza zilikuwa ngumu kupatikana. Williams ndiye aliyehangaika kutafuta watu wa kukopesha ili kuisukuma hadi mpakani. Mjenzi George Pauling, aliyejulikana kwa kutandika reli haraka, akapewa kazi. Desemba 1909 reli ikagusa mpaka wa Kongo upande wa Sakania. Mwisho wa Septemba 1910 gari la moshi la kwanza likaingia Élisabethville, mji mpya ambao Makamu Gavana Émile Wangermée alikuwa akiupima karibu na mto Lubumbashi.

Kwa hiyo mji huu na reli ni mapacha. Mahali pake palichaguliwa kwa sababu ya machimbo ya Étoile, kiwanda cha kuyeyusha shaba na njia ya treni. Tarehe 30 Juni 1911, shaba ya kwanza ikamiminwa katika kiwanda hicho. Mwaka ule wa kwanza ilitoka karibu tani 1,000 tu. Kufikia mwaka wa 1930 Union Minière ilikuwa ikitoa zaidi ya tani 130,000 kwa mwaka.

Treni haikutoa shaba tu. Ilipoteremka kusini na shaba kuelekea bandari ya Beira, ilirudi na makaa ya mawe ya Wankie kwa ajili ya tanuru. Ilileta pia mashini, nguo, na zaidi ya yote unga wa mahindi kutoka Rhodesia kwa kulisha wafanyakazi. Jambo hilo bado linatugusa. Leo, Zambia inapofunga mpaka kwa mahindi yake, bei ya bukari inapanda katika kila nyumba ya Lubumbashi. Wengi wanafikiri ni shida ya miaka hii ya karibu. Mzizi wake uko katika reli ile ya 1910.

Watu waliobebwa

Katika miaka ya mwanzo, Élisabethville ulikuwa nusu mji wa Waingereza. Pauni ilitumika madukani, na Kiingereza kilisikika sana. Machimbo yalihitaji mikono, na Katanga ya kusini haikuwa na watu wa kutosha waliokubali kazi ile. Kampuni nyingine yenye jina la Williams mwenyewe, Robert Williams and Company, ikaanza kuandikisha wafanyakazi katika Rhodesia ya Kaskazini, hasa pande za Luapula na nchi ya Babemba. Upande wa Kongo, Bourse du Travail du Katanga ilifanya kazi ya namna hiyo hiyo.

Hiyo ndiyo sehemu nzito ya maisha ya mtu huyu. Vijana walitoka vijijini kwa miezi michache ya mkataba, wakakutana na baridi ya kiangazi, kambi zilizojaa watu, chakula kibaya na magonjwa ya mapafu na ya kuhara. Katika miaka ya 1910, vifo katika kambi vilikuwa vingi kiasi kwamba hata wakubwa wa kikoloni waliandika kwa wasiwasi. Mafua makali ya 1918 yalizidisha msiba. Ni mwisho wa miaka ya 1920 tu ndipo Union Minière ilipobadili siasa yake na kuanza kukaribisha wafanyakazi wakae muda mrefu pamoja na wake na watoto wao. Uandikishaji wa kutoka Rhodesia ukaisha wakati wa mdororo wa uchumi wa dunia, karibu na 1931.

Wengi walirudi kwao. Wengine walibaki. Kama leo familia nyingi za Lubumbashi zina ndugu Ndola, Kitwe au Mansa, na kama Kibemba kinasikika kwa urahisi katika mitaa yetu, sababu mojawapo ni treni za Williams.

Ndoto ya Lobito

Lakini njia ya kusini ilikuwa ndefu mno. Shaba ilisafiri kilometa zaidi ya 2,500 hadi Beira, kisha meli ikazunguka Afrika kabla ya kufika Ulaya. Williams alitazama ramani na kuona njia fupi upande wa machweo ya jua, kupitia Angola.

Tarehe 28 Novemba 1902, serikali ya Ureno ilimpa haki ya kujenga na kuendesha reli kutoka Lobito hadi mpaka wa Kongo kwa miaka 99. Kampuni ya reli ya Benguela ikaundwa mwaka uliofuata. Tanganyika Concessions ilishika asilimia 90 ya hisa, Ureno asilimia 10. Wenye masilahi katika reli za Rhodesia hawakufurahi hata kidogo, maana njia hiyo ingewanyang'anya mizigo.

Kazi ilikuwa ya mateso. Karibu na pwani hakukuwa na maji, na milima ilianza mara moja. Vibarua Wahindi waliletwa kutoka Natal, na si wote waliorudi. Mwaka wa 1912 reli ilifika kwenye uwanda wa juu, na mji wa Huambo ukaanzishwa hapo. Kisha vita vya dunia vikaja, na feza zikakauka. Kwa miaka mingi reli ilisimama katikati ya Angola, na Williams akaendelea kugonga milango ya mabenki ya London akiwa mtu wa miaka 60 na zaidi. Miaka ya 1920 kazi ilianza tena. Reli ikafika mpakani, ikafunguliwa rasmi tarehe 10 Juni 1929, zaidi ya kilometa 1,300 kutoka bahari. Mwaka uliotangulia, mfalme wa Uingereza alikuwa amempa cheo cha baronet.

Wabeleji hawakukimbia kuipokea. Hawakutaka mali ya koloni lao itegemee bandari ya Wareno na kampuni ya Mwingereza. Mwaka huo huo wa 1928 walikuwa wamemaliza reli yao ya BCK kutoka Bukama hadi Port-Francqui, Ilebo ya leo. Kutoka pale mizigo ilishuka kwa meli hadi Léopoldville, kisha kwa treni tena hadi Matadi. Njia hiyo ililazimisha kupakia na kupakua mara mbili, lakini yote ilikuwa ndani ya Kongo. Kipande cha Tenke hadi mpaka wa Angola kilimalizika mwaka wa 1931, wakati bei ya shaba ilikuwa imeanguka. Williams alipata njia yake akiwa mzee, na mizigo ikawa haba.

Jina limefutwa, njia imebaki

Robert Williams alikufa tarehe 25 Aprili 1938, akiwa na miaka 78. Kule Angola, mji mmoja karibu na Huambo uliitwa kwa jina lake hadi wakati wa uhuru. Leo unaitwa Caála, kama vile Élisabethville ulivyokuja kuitwa Lubumbashi mwaka wa 1966.

Reli yake ilibeba shaba yetu hadi 1975, vita vya Angola vilipoifunga. Kwa miaka mingi Katanga ikarudi kwenye njia ndefu za kusini na za mashariki, na baadaye kwenye malori. Mwaka wa 2001 ile haki ya miaka 99 ikaisha, na Angola ikachukua reli iliyokuwa imeharibika. Wachina waliijenga upya, na Februari 2015 marais wa Angola, Kongo na Zambia wakashuhudia kufunguliwa kwake Luau. Mwaka wa 2023 uendeshaji ukapewa kampuni za Trafigura, Mota-Engil na Vecturis kwa miaka 30. Desemba 2024, rais wa Marekani Joe Biden alifika Lobito kuitazama.

Upande wetu, reli ya SNCC bado inasubiri matengenezo makubwa. Abiria wa Lubumbashi, ambaye angependa kwenda Kolwezi au Dilolo kwa treni ya saa ya kutegemewa, anapanda basi na kugawana barabara na malori ya madini. Reli ya Williams ilipimwa kwa tani za shaba tangu siku ya kwanza. Mahesabu yake hayakuuliza mkaaji wa Kamalondo angefikaje kwa ndugu yake, wala mkulima wa Kasaji angeuza wapi mahindi yake.

Sasa wakubwa wa nchi tatu wanapotia sahihi upya kwenye ramani ile ile, wanaosubiri kwenye vituo vya mabasi wana haki ya kuuliza kama safari hii treni itakuwa na nafasi ya watu pia.