Tarabai: Malkia aliyemtoa mfalme mafichoni, kisha akamkana

Na Mwandishi Wetu

SEPTEMBA 1752, ajuza wa miaka 77 alisimama katika hekalu la Jejuri, magharibi mwa India, akala kiapo kwamba kijana aliyekalia kiti cha enzi cha Wamaratha hakuwa mjukuu wake. Kilichowashangaza watu ni kuwa kijana huyo alitolewa mafichoni na ajuza huyohuyo, na hata miaka mitatu ilikuwa haijatimia tangu atawazwe.

Ajuza huyo ni Tarabai, mkwe wa Shivaji, mwasisi wa dola ya Wamaratha. Shivaji alitawazwa mwaka 1674 katika ngome ya Raigad na kuchukua cheo cha Chhatrapati, yaani mwenye mwavuli wa kifalme. Kwa cheo hicho alitangaza kwamba hakuwa tena chini ya mfalme yeyote, hata yule wa Mughal aliyetawala sehemu kubwa ya India.

Lakini cheo ni kimoja, na Shivaji aliacha watoto wawili wa kiume wa mama tofauti. Alipofariki mwaka 1680, mjane wake Soyarabai alimtawaza mwanawe Rajaram, mtoto wa miaka 10. Kaka mkubwa, Sambhaji, alikitwaa kiti miezi michache baadaye, akisaidiwa na jemadari mkuu Hambirrao Mohite. Jemadari huyo alikuwa ndugu wa Soyarabai, tena ndiye baba yake Tarabai, ambaye alikuja kuwa mke wa Rajaram. Hivyo ugomvi wa urithi ulianzia nyumbani kwao.

Mwaka 1689 majeshi ya Mughal yalimkamata Sambhaji na kumuua, na mwanawe mdogo, Shahu, akachukuliwa mateka. Rajaram alishika uongozi, akakimbilia katika ngome ya Jinji, kusini mwa India, na akaendelea kuongoza hadi alipofariki Machi 1700.

Tarabai, mjane wa miaka 25, hakungoja kuulizwa. Alimtawaza mwanawe wa miaka minne, Shivaji wa Pili, akatawala kwa niaba yake. Kwa miaka saba alimhenyesha Aurangzeb, mfalme mzee wa Mughal aliyekuwa akiteka ngome moja baada ya nyingine kwa vita na kwa rushwa, kisha Wamaratha wakizirudisha. Wapanda farasi wa Tarabai walivuka hata mto Narmada na kuingia Malwa. Aurangzeb alifariki mwaka 1707 akiwa bado vitani.

Waliomrithi Aurangzeb walikuwa na silaha nyingine. Walimwachia huru Shahu, wakijua kuwa fahali wawili hawakai zizi moja. Shahu alidai kiti kwa haki ya mtoto wa mkubwa. Tarabai alijibu kuwa ufalme ulipotea mikononi mwa Sambhaji, na uliokuwapo ni ule uliokombolewa na mumewe. Hoja hiyo ilikuwa na uzito wake, ila majemadari walikwishaanza kumhama. Alishindwa vitani Khed mwaka huohuo, na Shahu akatawazwa Satara Januari 1708.

Tarabai aliunda ufalme wa pili huko Kolhapur. Mwaka 1714 mke mwenzake, Rajasbai, alimpindua, akamtia kifungoni pamoja na mwanawe na kumtawaza Sambhaji wa Pili, mtoto wake mwenyewe. Baadaye Tarabai aliishia Satara, chini ya uangalizi wa Shahu, adui wake wa zamani.

Shahu hakuwa na mtoto wa kiume. Alipokaribia kufa mwaka 1749, Tarabai alimweleza kwamba ana mjukuu, mtoto wa marehemu Shivaji wa Pili, aliyefichwa tangu azaliwe. Shahu akamkubali awe mrithi, naye akatawazwa kwa jina la Rajaram wa Pili.

Shabaha ya Tarabai ilikuwa kumtumia kijana huyo kumng'oa Peshwa, yaani waziri mkuu, Balaji Baji Rao, ambaye ndiye aliyekuwa na jeshi na hazina. Kijana alikataa kumfukuza Peshwa. Novemba 1750 bibi alimfungia katika ngome ya Satara, akatangaza kuwa ni mtoto wa kubandikwa. Damaji Gaekwad alileta majeshi kumsaidia Tarabai, lakini akashindwa. Kiapo cha Jejuri kilifuata baada ya mapatano na Peshwa.

Kama bibi alisema kweli au alilipiza kisasi, hapo wengi hawaafikiani. Aliyefaidika anajulikana: Peshwa hakumwondoa Rajaram. Mfalme aliyekanwa na bibi yake hakuwa na ubavu wa kumpinga waziri, na tangu hapo amri zilitoka Pune, makao ya Peshwa, huku Satara ikibaki na cheo.

Januari 1761 majeshi ya Peshwa yaliangamizwa Panipat, naye Balaji Baji Rao akafariki Juni. Tarabai aliishi kuyaona yote hayo, akafariki Desemba mwaka huo akiwa na miaka 86. Rajaram alibaki na cheo cha Chhatrapati, bila mamlaka, hadi alipofariki mwaka 1777.