Lumumba, mwenye kuja ambaye Kisangani ilimufanya wake



Patrice Lumumba hakuzaliwa hapa kwetu. Alikuwa Mutetela, alizaliwa Onalua, mu Sankuru, tarehe 2 Julai 1925. Alifika Stanleyville, ndiyo Kisangani ya leo, mwaka wa 1944, akawa karani wa posta.

Wakati ule Bula Matari alikataza vyama vya siasa. Aliruhusu tu mashirika ya kabila, ya waliosoma pamoja na ya wenye kazi moja. Lumumba aliongoza lile la watu wa posta, tena alikuwa mu lile la Batetela. Hata karti ya kuhesabiwa sawa na Mzungu aliiomba. Walimukatalia kwanza, wakamupa 1954. Mwaka wa 1956 alifungwa kwa sababu ya franga za posta. Nyuma ya kutoka, akaenda Léopoldville.

Siasa ilipofunguliwa, watu waliingia kwa njia ile waliyozoezwa, ya kabila. Abako ilikuwa ya Bakongo, Balubakat ya Baluba wa Katanga. Lakini Oktoba 1958 Lumumba na wenzake walianzisha MNC, chama cha Congo nzima. Oktoba 1959 alifanya mkutano hapa Stanleyville. Fujo ilitokea, watu waliuawa, yeye akafungwa tena. Walimutosha gerezani ili afike Bruxelles kuzungumza mambo ya uhuru.

Mu uchaguzi wa Mei 1960, MNC ilipata viti 33 kati ya 137, kupita chama chochote, na nguvu yake kubwa ilikuwa huku kwetu. Wazee wetu walimupa kura bila kuangalia kijiji chake. Akawa waziri wa kwanza, lakini mu Septemba walimuondoa. Mwisho wa Novemba alitoroka Léopoldville, akashika njia ya kurudi Stanleyville. Walimukamata ku mto Sankuru. Tarehe 17 Januari 1961 waliuawa Katanga, yeye na Okito na Mpolo. Jino lake tu ndilo lilirudi toka Ubelgiji, mu 2022, likapita hapa Kisangani mbele ya kuzikwa Kinshasa.

Sasa hapa Kapalata kuna wenye kuomba sanduku letu la msaada ligawanywe kwa kabila, kila kundi na wake. Wandugu, mstari huo haukuchorwa na sisi. Fomu yetu inauliza mambo matatu: ulikimbia toka wapi, umerudi na watoto wangapi, unalala wapi. Tunaomba mkutano uiache vile.