Carrel, Askari wa Mlimani

Jean-Antoine Carrel, mwindaji wa bonde la Valtournenche nchini Italia, alizaliwa mwaka 1829. Alipigana vita vya kuiunganisha nchi yake, na hata alipokuwa kiongozi wa wapanda mlima watu waliendelea kumwita kwa jina la kikosi chake, Bersagliere.

Mlima Matterhorn, mita 4,478, aliuhesabu kuwa haki ya bonde lake. Julai 14, 1865, Mwingereza Whymper alimtangulia kileleni kwa upande wa Uswisi. Carrel aliteremka, siku tatu baadaye akafika kwa upande wa Italia. Kurudi kule, twaona, kulihitaji moyo zaidi.

Agosti 1890 tufani iliwazuia kibandani, yeye, mgeni wake na kiongozi mwenzake. Akawateremsha hata usiku; walipokwisha kusalimika, akaanguka, akafa kwa uchovu. Alikuwa na miaka 61.