Kasisi aliyepewa raga baada ya kufa

Ukitoka mjini Kakamega kuelekea Navakholo, kisha ukazunguka upande wa Malava, ni miwa tu kila unakogeuka. Miwa hiyo ndiyo iliyoilea klabu ya raga ya Kabras, iliyo chini ya kiwanda cha sukari cha West Kenya. Klabu hiyo ilitwaa Kenya Cup mwaka 2016, ikalitwaa tena 2022, 2023 na 2024, mbele ya klabu kongwe za Nairobi.

Mchezaji wa Kabras, kama mchezaji wa raga popote duniani, hukuzwa na kisa kimoja: kwamba mchezo wake ulianzishwa mwaka 1823 na mwanafunzi Mwingereza aitwaye William Webb Ellis. Hata Kombe la Dunia la raga, lililoanza kushindaniwa 1987, lina jina lake. Lakini ukiyafuata maisha ya bwana huyu mwanzo hadi mwisho, utashangaa jinsi raga ilivyo na nafasi ndogo ndani yake.

Webb Ellis alizaliwa Novemba 1806 huko Salford, kaskazini mwa Uingereza. Baba yake alikuwa askari wa farasi, akauawa 1811 katika vita vya Albuera, Hispania, mwanawe akiwa hajatimiza miaka mitano. Mama yake, Ann, akabaki mjane na watoto wa kulea. Akahamia mji wa Rugby kwa hesabu ya mama: shule kubwa ya mji huo iliwasomesha bure watoto wa wenyeji. William akaingia shuleni hapo 1816, akatoka 1825, akijulikana kwa masomo mazuri na kwa kriketi.

Kutoka hapo alikwenda Oxford, na mwaka 1827 akakichezea chuo kikuu hicho kriketi dhidi ya Cambridge. Kisha akawa kasisi wa kanisa la Anglikana. Alihudumu London, katika kanisa la St Clement Danes, na kuanzia 1855 akaongoza kanisa la kijiji cha Magdalen Laver, Essex. Hakuoa. Alifariki mapema mwaka 1872 huko Menton, kusini mwa Ufaransa, akazikwa huko huko. Kaburi lake lilisahauliwa hadi lilipogunduliwa upya 1958.

Basi raga iliingia wapi? Iliingia yeye akiwa ameshalala kaburini miaka minne. Kuanzia mwaka 1876, Matthew Bloxam, aliyewahi kusoma shule hiyo, aliandika katika jarida la shule kwamba Webb Ellis, katika mechi moja, aliudaka mpira na badala ya kurudi nyuma aupige teke kama ilivyokuwa desturi, akaukumbatia na kukimbia nao mbele. Bloxam mwenyewe hakuwapo. Alikuwa ameshamaliza shule kabla ya 1823, na aliyemhadithia hakumtaja jina.

Mwaka 1895, wanafunzi wa zamani waliunda kamati ya kuchunguza. Hawakupata hata shahidi mmoja aliyeona kwa macho yake. Mwandishi Thomas Hughes, aliyeingia shule hiyo katika miaka ya 1830, aliwaeleza kwamba zama zake kisa hicho hakikuwa kikisimuliwa. Ilionekana kuwa mwanafunzi mwingine, Jem Mackie, ndiye aliyeuzoesha mtindo wa kukimbia na mpira mwishoni mwa miaka hiyo ya 1830. Hata hivyo, mwaka 1900 likawekwa bamba la jiwe shuleni lenye jina la Webb Ellis. Jiwe likishachongwa, nani tena atabisha?

Sisi tuliokaa madrasa tumefundishwa jambo hili mapema. Habari huulizwa isnadi yake: nani kapokea kwa nani, na je, walikutana? Msimulizi akikosekana katikati, habari ni dhaifu, hata kama ni tamu. Habari ya Webb Ellis ina msimulizi asiyejulikana na pengo la zaidi ya miaka hamsini. Na hapa kuna dhuluma mbili. Marehemu amebandikwa jambo ambalo hakuna ushahidi kuwa aliwahi kulidai. Na waliofanya kazi yenyewe, kina Mackie, wamesahaulika.

Nalileta hili kwa sababu ya klabu zetu. Kabras ina bahati, kwani wengi walioijenga wako hai na wanaweza kuulizwa: nani alileta mpira wa kwanza, nani alifundisha, nani alivunjika mguu akarudi. Huku kwetu Pwani, klabu za mpira za mitaa zimekuwapo kwa miaka na miaka, na wazee wake tunawazika mmoja mmoja. Tunasoma hitma, tunakula biriani, tunarudi nyumbani, na historia imekwenda na mwenyewe. Kisha kijana mwenye maneno matamu atasimama siku moja aseme babu yake ndiye aliyeianzisha timu, na hatutakuwa na la kumjibu.

Mali bila daftari hupotea bila habari, na klabu ni mali. Viongozi wa klabu wanunue daftari wiki hii, wamwendee mzee aliyebaki, waandike majina, miaka na jina la aliyesimulia. Waanze na yule ambaye afya yake si nzuri.