Maisha ya Daktari David Livingstone

Sisi tukaao Simbo twaujua vema mji wa Ujiji, na huko twaonyeshwa mahali Daktari Livingstone alipokutana na Bwana Stanley mwaka 1871. Lakini liko jambo jingine katika maisha yake, ambalo katika jubilei hii tumeona vema kulikumbuka.

Alizaliwa Blantyre, katika Scotland, tarehe 19 Machi 1813, katika nyumba maskini ya Waprotestanti. Alipokuwa na umri wa miaka 10 alianza kazi katika kiwanda cha pamba. Usiku akasoma, hata akawa mganga na mhubiri. Mwaka 1841 alifika Afrika ya Kusini. Katika nchi aliyokulia, Waprotestanti wengi waliwaogopa Wakatoliki bila kuwajua, kama nasi zamani tulivyowaogopa Waprotestanti.

Mwaka 1854, baada ya safari ndefu, alifika Luanda katika Angola, naye ni mgonjwa sana. Askofu Mkatoliki wa huko, ambaye wakati ule alishika pia kazi ya gavana, alimtendea wema. Tena huko Ambaca alisikia habari za Waafrika wengi wajuao kusoma na kuandika. Elimu hiyo asili yake ni mapadre wamisionari wa zamani. Nao walipokwisha kuondolewa, wenyeji waliendelea kufundishana wao kwa wao. Livingstone hakuificha habari hiyo, bali aliiandika kwa sifa katika kitabu chake. Dhehebu lake hakuliacha, wala si kila desturi aliyoiona aliikubali. Lakini jema aliliita jema.

Alifariki mwaka 1873 kijijini kwa Chitambo, katika nchi iitwayo leo Zambia. Susi, Chuma, Jacob Wainwright na wenzao wakauzika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili, wakauchukua miezi mingi hata pwani. Mwezi wa Februari 1874 wakafika Bagamoyo. Huko Mapadre wa Roho Mtakatifu walikuwa na misioni tangu mwaka 1868. Walijua ya kuwa marehemu si wa dhehebu lao. Hata hivyo walimfungulia mlango, wakamlaza kanisani mwao kwa heshima. Mnara wa kanisa lile hata leo huitwa kwa jina lake. Kisha akapelekwa London, akazikwa Westminster Abbey tarehe 18 Aprili 1874.

Tumeandika haya kwa sababu tuna deni. Zamani alifariki jirani yetu, mwalimu wa dhehebu jingine, aliyekuwa akituazima taa yake usiku wa kuuguza. Siku ya maziko tulisimama mbali njiani, tukiogopa kusikia sala zao, na watoto wa shule wakatuona. Tuliwafundisha nini siku ile? Mapadre wa Bagamoyo walimpokea mgeni. Sisi tulimwacha jirani.

Basi, walimu na ndugu, msiba ukitokea tena, na tulichukue jeneza pamoja nao.