Ohm: mtoto wa fundi wa kufuli aliyetolewa chuoni

Sema uko Muhoroni, nyumba ya mwisho kabisa kwenye laini ya stima, ng'ambo ya mashamba ya miwa. Saa moja jioni, kila mtu amewasha kitu. Birika lako limeandikwa wati 2,000 lakini maji hayachemki. Unalaumu birika. Ngoja kwanza, kuna jamaa aliyekufa mwaka wa 1854 ambaye hesabu yake inakuhusu.

Georg Simon Ohm alizaliwa tarehe 16 Machi 1789 katika mji wa Erlangen, Ujerumani. Babake alikuwa fundi wa kufuli. Hakusoma sana shuleni, lakini alijifundisha hesabu na sayansi mwenyewe, kisha akawafundisha wanawe Georg na Martin pale nyumbani. Mama yao alifariki Georg akiwa na miaka kumi, kwa hivyo mzee ndiye alibaki kuwa kila kitu.

Mwaka wa 1805 kijana akaingia chuo kikuu. Na unajua alifanya nini huko? Densi, biliadi na kuteleza kwenye barafu. (Usijifanye hujui watu wa aina hiyo, wamejaa kila hosteli.) Baada ya mihula mitatu mzee akachoka, akamtoa. Kijana akatumwa Uswisi kufundisha hesabu akiwa na miaka 17 tu. Mimi pia nilitoka chuo kabla ya kumaliza, kwa hivyo sehemu hii niliisoma mara mbili. Huko Uswisi alikaa na vitabu vya hesabu peke yake, akarudi Erlangen, na mwaka wa 1811 akapata udaktari wake.

Ikafuata miaka ya kufundisha shule hii na ile, mshahara wenyewe mdogo. Afueni ilikuja 1817, alipopata kazi katika shule moja ya Cologne iliyokuwa na maabara nzuri. Alitaka kujua kitu kimoja: stima ikipita kwenye waya, waya unaipunguza kiasi gani? Shida ilikuwa betri za wakati huo. Unapima sasa, ukirudi baadaye nguvu imeshuka, kama tochi yenye mawe yaliyochoka. Mwanasayansi mwenzake, Poggendorff, akamshauri aachane nazo, atumie joto. Ohm akaunganisha metali mbili, bismathi na shaba, kiungo kimoja kwenye maji yanayochemka na kingine kwenye barafu. Hapo stima ikatulia. Akajaribu nyaya nane za unene mmoja, urefu tofauti, akipima mkondo kwa sindano ya sumaku iliyoning'inizwa. Kadiri waya ulivyokuwa mrefu, ndivyo mkondo ulivyopungua, na kwa mpangilio anaoweza kuuandika kwa hesabu.

Sasa turudi kwa birika. Stima ya Kenya ni volti 240. Gawanya wati 2,000 kwa 240, unapata mkondo wa ampea 8.3 hivi. Gawanya volti 240 kwa huo mkondo: ukinzani ni kama omu 28.8. Huo hauhami sana, ni wa koili yenyewe. Basi stima ikishuka hadi volti 180, mkondo ni 180 gawanya kwa 28.8, yaani ampea 6.25. Zidisha na 180: wati 1,125. Umebakiwa na nusu na kidogo tu ya nguvu, birika likiwa zima kabisa! (Hiyo sehemu ya joto aliifanyia kazi sana Joule, Mwingereza, miaka ya 1840, lakini yeye ni hadithi ya siku nyingine.)

Na kwa nini volti zishuke? Kwa sababu waya mrefu nao ni ukinzani. Wenzako wote wakiwasha pamoja, mkondo unakuwa mkubwa, na volti zinaliwa njiani kabla hazijakufikia. Mtambo wa KenGen kuwa hapo hapo Muhoroni hakubadilishi urefu wa waya unaoingia kwako. Ndiyo maana pia ile ekstensheni nyembamba ya kuchomelea vyuma hupata moto.

Ohm aliyaweka haya yote kwenye kitabu mwaka wa 1827. Alikuwa Berlin kwa likizo, akilipwa nusu mshahara, akiamini kitabu kitampa kazi ya chuo kikuu. Wapi! Kilijaa hesabu ngumu, na baadhi ya wasomi wa Ujerumani wakakipuuza. Mwaka wa 1828 akaacha kazi ya Cologne, akaishi kwa vipindi vichache vya kufundisha hadi 1833, alipopata nafasi Nuremberg. Fikiria: umegundua kitu ambacho kila fundi wa stima duniani atakitumia, na unahesabu senti.

Waliomtambua ni Waingereza. Mwaka wa 1841 Royal Society ya London ikampa nishani ya Copley. Uprofesa wa fizikia aliokuwa akiutamani aliupata Munich mwaka wa 1852, akiwa na miaka 63. Akafa tarehe 6 Julai 1854, miaka miwili tu baadaye. Mwaka wa 1881 mkutano wa kimataifa wa umeme uliofanyika Paris ukaamua kipimo cha ukinzani kiitwe kwa jina lake, sambamba na Volta na Ampère. Kwenye mita ya fundi wako ni ile alama ya Kigiriki, Ω, maana herufi O ingefanana na sufuri.