Hezekiah Ochuka: Praiveti Aliyeshika Dola kwa Saa Chache

Historia ya jeshi la Kenya aghalabu huandikwa kwa majina ya majenerali. Hezekiah Ochuka Rabala hakufikia hata ukoplo, na bado ni muhali kuisimulia historia hiyo pasipo kumtaja. Alizaliwa Julai 1953 huko Nyakach, upande wa kusini wa Ghuba ya Winam, mji wa Kisumu ukiwa ng'ambo ya maji.

Jeshi alilojiunga nalo lilikuwa mrithi wa KAR, kikosi cha kikoloni ambacho lugha yake ya amri ilikuwa Kiswahili, kile ambacho wanaisimu hukiita KiKAR. Vita vikuu viwili viliwachukua wanaume wengi wa Nyanza, wengine kama askari, wengine kama wapagazi, na wengi wa hao wapagazi hawakurudi. Desemba 1963 bendera ilibadilika, desturi zikabaki. Mwezi mmoja tu baadaye, Januari 1964, askari wa kambi ya Lanet, Nakuru, waliasi wakilalamikia mishahara na kuendelea kuamriwa na maafisa wa Kiingereza. Waliozima uasi huo ni wanajeshi wa Uingereza. Jeshi la Wanahewa lilizaliwa Juni mwaka huo huo. Hili lilihitaji mafundi, yaani vijana waliopita shuleni, na huenda hapo ndipo penye kiini cha yaliyofuata: kijana aliyesoma magazeti na kuyaelewa alipigiwa kwata na kupewa cheo cha chini kabisa.

Ochuka alikuwa na umri wa miaka 16 pale walinzi wa Rais Kenyatta walipoufyatulia risasi umati mjini Kisumu, Oktoba 1969, siku ya kufunguliwa kwa hospitali iliyojengwa kwa msaada wa Warusi. Chama cha KPU kilipigwa marufuku na Oginga Odinga akatiwa kizuizini. Si haki kudai kwamba tukio hilo pekee lilimfanya kuwa mwasi, maana maelfu ya vijana wa pwani ya ziwa waliyashuhudia hayo hayo wakabaki kuvua samaki na kulima. Hata hivyo, hakukulia mahali ambapo serikali ilitazamwa kama mzazi.

Mwaka wa 1982 hali ya kisiasa ilichafuka. Juni, Bunge lilibadilisha katiba na kuifanya Kenya nchi ya chama kimoja kisheria. Wahadhiri kadhaa walikamatwa, miongoni mwao Alamin Mazrui, mwandishi wa tamthilia ya Kilio cha Haki. Wakati huo Ochuka alikuwa praiveti mwandamizi wa daraja la kwanza, mwenye mke na watoto, akipanga mapinduzi pamoja na sajini Pancras Oteyo Okumu na wenzao wachache.

Siku waliyoichagua ilikuwa Jumapili, Agosti 1. Sehemu kubwa ya jeshi la nchi kavu ilikuwa mazoezini Turkana, naye Rais Moi alikuwa nyumbani kwake Kabarak. Kabla ya mapambazuko, kambi za Eastleigh na Embakasi zilitekwa, kisha kituo cha redio cha Sauti ya Kenya. Mtangazaji Leonard Mambo Mbotela, mwana wa James Mbotela aliyeandika Uhuru wa Watumwa, alitolewa nyumbani kwake na kulazimishwa kutangaza kwamba serikali imepinduliwa na kwamba polisi wajihesabu kuwa raia. Hivyo praiveti akawa mwenyekiti wa Baraza la Ukombozi wa Wananchi, na kwa saa chache akajiona mkuu wa nchi.

Mpango ulivunjika upesi. Marubani walioshurutishwa kuruka kutoka Nanyuki ili kuilipua Ikulu waliyamwaga mabomu katika msitu wa Mlima Kenya. Jijini, wanahewa wengi waliacha silaha zifanye kazi nyingine: maduka yaliporwa, hasa ya Wahindi, na wanawake walinajisiwa. Hapa sifa ya ukombozi inamponyoka Ochuka. Aliweza kuamsha bunduki asizoweza kuzituliza. Meja Jenerali Mahamoud Mohamed na askari wake walikikomboa kituo cha redio, na kufikia adhuhuri Mbotela yule yule alikuwa akitangaza kwamba Moi angali madarakani. Zaidi ya watu mia moja walikufa.

Ochuka na Okumu waliruka kwa ndege ya mizigo hadi Tanzania. Nyumbani, waliobaki ndio waliolipa. Jeshi la Wanahewa lilivunjwa, na jina lake halikurejeshwa hadi 1994. Kamanda wake, Peter Kariuki, alifungwa miaka minne kwa kushindwa kuuzuia uasi. Oginga Odinga alifungiwa nyumbani kwake Kisumu, naye mwanawe Raila akakaa kizuizini hadi 1988. Chuo Kikuu cha Nairobi kilifungwa. Titus Adungosi, kiongozi wa wanafunzi, alihukumiwa miaka kumi na kufia gerezani.

Hifadhi ya Tanzania haikudumu. Novemba 1983, majirani hawa wawili walipokuwa wakipatana na kufungua mpaka uliofungwa tangu 1977, wakimbizi walibadilishwa: Ochuka na wenzake walirudishwa Kenya, nao Watanzania walioshukiwa kupanga njama dhidi ya Nyerere wakarudishwa kwao. Mahakama ya kijeshi ilimhukumu kifo, na rufaa yake haikufaulu.

Mei 1987 Mahakama ya Rufani iliamua kwamba wakili S. M. Otieno azikwe Nyalgunga, Siaya, kwa kuwa mila ya Wajaluo inataka mtu alazwe katika ardhi ya kwao. Miezi miwili baadaye, katika gereza la Kamiti, Ochuka alinyongwa pamoja na Okumu kabla hajatimiza miaka 34. Tangu mwaka huo Kenya haijamnyonga mfungwa mwingine. Mwili wake haukusafirishwa kwenda Nyakach. Ulizikwa humo humo gerezani.